Maji ya Miwa Aliyoyameza Mama

Chawia,
Jumanne, 14 Oktoba 2025.

Kwa kaka yangu mpendwa Thadeus,

Kwawuka, kaka. Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha mwezi huu tukiwa na pumzi. Wewe u hali gani, na shemeji Everlyne, na huo mguu wako bado unakuuma asubuhi za baridi? Naambiwa Eldoret mtu huamka kama ametolewa kwenye friji. Sisi huku hatujambo. Ukungu umerudi, maharagwe yametoa maua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mkaidi kama mamake. Mama ni mzima. Nalisema hilo mapema kabisa maana nakujua, ukiona barua badala ya simu utadhani ni msiba. Si msiba. Kaa chini, mwambie Everlyne akuwekee chai, usome polepole.

Barua hii anakuletea Shanice wangu, anarudi chuoni huko kwenu. Ningekupigia, lakini simu ya huku mlimani hukatika pale pale penye utamu. Tena kuna jambo huko mwishoni ambalo mdomo wangu umeshindwa nalo miaka minne. Nimeona niupe mkono ujaribu.

Habari yenyewe ni ya Mama na Meza ya Bwana. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, kila Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, Mchungaji akishafunua tu kile kitambaa cheupe, Mama angeinuka, afunge leso yake vizuri, atoke nje kwenda kuangalia chai. Sisi tulifurahi kwa sababu tulikuwa wa kwanza kupata mandazi. Lakini kaka, hiyo chai haikuwa na haja ya kuangaliwa. Mama amebatizwa, ameimba kwaya, vitambaa vya madhabahu amefua yeye miaka na miaka, na kikombe hajakigusa hata siku moja. Baba alimuuliza mara moja, akanyamaziwa siku mbili. Chama cha akina mama hapa kanisani kilikuwa na majibu yake. Wengine walisema ana mizimu amefungia kwenye kibuyu. Katunge wa ushonaji alisema labda hapendi tu ladha ya divai, na huyo ndiye aliyekuwa na huruma kuliko wote.

Mwezi wa tano Mama akashikwa na kichomi. Alilazwa siku tisa. Siku ya sita daktari aliniita pembeni akaniambia nijiandae, basi nikampigia Mchungaji Sylus, akaja na kikombe kidogo cha wagonjwa. Mama alimtazama, akamshukuru kwa safari, akageukia ukuta. Alisema yeye hastahili, na kwamba Mungu anajua kwa nini. Nililia kwenye ile veranda ya hospitali hadi mlinzi akaniletea kiti. Niliona mama yangu anakwenda na kitu kifuani, na sijui hata jina la kitu hicho.

Mungu akamwinua, tukarudi nyumbani. Lakini kutoka siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu: asife kabla hajakitoa.

Sasa sikia Mungu alivyojibu, maana alijibu kwa kumtumia mstaafu wa reli. Anaitwa Nashon Wabwire. Ni mtu wa Busia, lakini ameishi Voi tangu akiwa karani wa stesheni, na mkewe Nanzala anauza mboga pale sokoni. Tangu astaafu, Mzee Wabwire anakusanya habari za vita vya wazungu vilivyopita huku kwetu. Ana faili nyingi kuliko ofisi ya chifu. Alisikia kwamba Mama alizaliwa kule bara, kwenye nyika chini ya kilima cha Maungu, kabla ya kuletwa Chawia, akapanda hapa mwezi wa saba, akafika akihema, akasema kilima hiki kingejengewa reli wazee wangepona magoti.

Alimuuliza Mama kwa heshima sana kama anakumbuka ndege za mabomu zilizokuwa zikifanya mazoezi kule bara, wakati wa vita vya Hitler. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Mikono ikasimama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja bei ya sukari, kwamba anaikumbuka moja, na kwamba yeye ndiye aliyeiangusha.

Mzee Wabwire akacheka. Akamuuliza, na bunduki gani hiyo, Mama, au ulitumia manati? Mama hakucheka. Machozi yakaanza kudondoka kwenye maharagwe. Hapo, kaka, ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza hadithi ambayo Mama ameibeba tangu akiwa msichana wa miaka kumi.

Anasema askari wa Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanga duara kubwa la mawe kule bara, wakayapaka chokaa, na ndege zikawa zinakuja kujifunza kulenga. Mabomu yenyewe yalikuwa ya kujifunzia, ndani mna mchanga na moshi tu. Siku moja rubani mmoja akakosa duara kwa mbali sana, bomu likamwangukia mbuzi wa Mama, mweupe mwenye masikio meusi, ambaye Mama alipewa na nyanya yake, na mbuzi huyo alikuwa na mimba. Hakuuawa na moto. Aliuawa na uzito. Hakuna mtu aliyekuja hata kusema pole.

Babu, yaani babake Mama, akaona nyumba nzima imejaa hasira, akawaita watu watase. Wewe uliondoka nyumbani mapema, na sisi tumelelewa kanisani, kwa hiyo labda umesahau kutasa kulivyokuwa. Wazee walisema hasira ukiificha moyoni haitulii, hutoka yenyewe ikaenda kumdhuru mtu, hata kama wewe hukuituma. Kwa hiyo aliyekosewa hujaza pombe au maji ya miwa mdomoni, akayapuliza nje kwa nguvu, akatamka kwamba hana kinyongo na kuwe na amani. Babu alitasa, nyanya akatasa, wajomba wakatasa. Ilipofika zamu ya Mama, alijaza mdomo maji ya miwa, akainamisha kichwa, akayameza.

Hakuna aliyeona. Mama anasema yalikuwa matamu, na huo utamu ndio uliokuja kumtisha baadaye.

Siku ya tatu ndege ile ile ikarudi. Aliijua kwa alama yake ubavuni, alituchorea sakafuni kwa kidole: kama kiti kilichovunjika mguu wa mbele. Alisimama juu ya jiwe akaitazama, akaiambia moyoni neno moja tu. Anguka. Ikakohoa, kaka. Ikakohoa mara mbili, pangaboi moja likasimama, ikashuka nyuma ya migunga, vumbi likapanda. Alikimbia akajificha kwenye kichaka. Kutoka hapo aliona malori yanafika, na aliona kwa macho yake mtu anabebwa, amefunikwa blanketi kutoka miguu hadi kichwani. Na kwetu, ni nani anayefunikwa uso? Wiki hiyo hiyo askari waliwafukuza watu wote wa bara, familia ikapanda Chawia, na hakuna mkubwa aliyeona haja ya kumweleza msichana mweusi kilichowapata wazungu. Yeye alikuwa tayari ana jibu lake. Ameua. Na muuaji hanywi kikombe cha Bwana. Alihesabu hivyo akiwa mtoto, na hakuna aliyemsahihishia hesabu hiyo miaka themanini na mitano.

Unajua mimi ninavyofundisha wamama kila Alhamisi. Nikamwambia palepale kwamba huo ni ushirikina, hasira haiwezi kuzima injini. Mama aliniangalia kwa huruma, akasema, mwanangu, hukuiona ikikohoa.

Mzee Wabwire alikuwa amefunga faili. Alisema yeye hajui kilichowapata wale watu, lakini ndege za vita zilikuwa na kadi, kila moja na yake, kama kadi ya kliniki ya mtoto: ilizaliwa lini, iliumwa nini, ilitibiwa wapi, ilikufa lini. Akasema atawaandikia watu wa kumbukumbu huko ng'ambo, na atatafuta Nairobi pia.

Nilimsindikiza hadi barabarani, na hapo nikafanya jambo la aibu. Nilimshika mkono nikamwomba, ikiwa karatasi itasema walikufa, adanganye. Mzee akasimama, akavua kofia. Alisema wao kwenye reli walifundishwa kwamba ukidanganya juu ya ajali moja, unaandaa ya pili. Akasema nimwombee tu apate kadi, mengine yaliandikwa zamani, mimi na yeye hatuwezi kuyafuta. Nilirudi nikiwa nimekasirika naye, nikajua pia kwamba ana haki.

Tulingoja wiki tisa. Kaka, wiki hizo ndizo nilizozeeka. Kila nikiona namba ya Wabwire kwenye simu natoka nje kuipokea Mama asisikie, kumbe anauliza tu mwaka, au alama ile iliangalia kushoto au kulia. Usiku Mama akikohoa naenda kusimama mlangoni. Nilikuwa namwambia Mungu, huyu si muuaji, huyu ni mtoto aliyempenda mbuzi wake, wewe unajua, mbona husemi.

Mzee Wabwire alipanda tena Jumatatu ya mwisho ya Septemba, na safari hii hakuhema wala hakulalamikia kilima. Alitoa karatasi, akavaa miwani, akamuuliza Mama aanze na mwanzo au mwisho. Mama akasema mwanzo, kwa sababu amengoja sana, hataki kurukiwa kitu.

Basi akasoma. Ndege yenyewe ilikuwa ya injini mbili, ililetwa kwa meli hadi Mombasa, ikapelekwa bara kufundishia marubani wapya. Ndani yake siku ile walikuwa wanne. Rubani alikuwa mwanafunzi, alisahau kugeuza koki ya bomba la mafuta kutoka tangi lililokwisha kwenda tangi lililojaa. Ndiyo hiyo, kaka. Ndiyo hiyo tu. Kijana alisahau kugeuza koki, injini ikakosa mafuta, ikakohoa. Akaishusha kwa tumbo kwenye vichaka.

Mama alikuwa amekaa wima kama yuko mahakamani. Wabwire akaendelea kwamba ajali ilitokea mahali pasipokaliwa na watu. Hapo Mama akainua mkono. Akasema karatasi hiyo ni ya uongo, asiisome tena. Pasipokaliwa na watu vipi, na boma la babake lilikuwa pale, na mbuzi, na nyumba tano? Kama hawakuwaona watu mchana kweupe, hayo mengine wameyaonea wapi? Mimi moyo ukaniishia. Niliona tumefika mlangoni na mlango umefungwa na sentensi moja ya mzungu.

Wabwire, mtu wa reli, hakubishana. Alisema ni kweli, hapo waliandika uongo, na yeye ataandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba watu walikuwepo na majina yao. Na akaandika kweli, mbele yake, akimuuliza jina la babu na la nyanya. Kisha akamwomba ruhusa asome mistari mitatu iliyobaki. Mama akasema haya, soma, lakini nakusikiliza.

Mistari hiyo ilisema wote wanne walitoka hai. Mmoja, fundi wa redio, alivunjika paja. Wakati wa kumtoa, nyuki walitoka kwenye mizinga iliyoangushwa na bawa la ndege, wakawashambulia wote, kwa hiyo majeruhi alifunikwa blanketi hadi kichwani, akabebwa hivyo mpaka kwenye lori.

 Mama akauliza, mizinga mingapi. Wabwire akatazama, akasema imeandikwa mitatu. Mama akajipiga paja. Mitatu! Kumbe! Babu yetu alilalamikia mizinga mitatu iliyovunjika hadi siku anakufa, na Mama hakuwahi kuunganisha, maana yeye alikuwa anawaza maiti. Akasema, wale walikuwa nyuki wa Baba. Baba alitasa mbele ya watu wote kwamba hana kinyongo, lakini nyuki wake hawakuambiwa! Akaanza kucheka. Kaka, hujawahi kumsikia Mama akicheka hivyo, hata mimi sijawahi. Alicheka hadi leso ikaanguka, Wabwire akacheka hadi akavua miwani, na mimi nikawa nalia na kucheka nisijue kipi ni kipi. Kisha Mama akawa analia kweli, kimya kimya, akisema tu, hakufa. Hakufa. Alikuwa anakimbia nyuki.

Alitaka pia kujua ndege iliishia wapi, kama mtu anayeuliza habari za jirani aliyehama. Ilikokotwa hadi Nairobi, ikatengenezwa miezi mitatu, ikaenda vitani upande wa kaskazini kupigana na Waitaliano, ikarudi na matundu ya risasi mabawani, ikabandikwa viraka. Mwishowe ilizeeka ikawa inabeba barua na wagonjwa, kisha ikakatwakatwa chuma chakavu. Mama alipenda hapo kwenye barua. Alisema hata yeye angeichagulia kazi hiyo tangu mwanzo. Pia akasema Mungu awarehemu waliopigwa na mabomu yake huko kaskazini, maana hao hawakuwa na mchanga wa kuwaangukia. Tukasema amina.

Jumapili ya tarehe tano ilikuwa ya Ushirika. Tulimbeba Mama kwenye kiti cha plastiki, mimi na Katunge na vijana wawili wa kwaya. Kitambaa kilipofunuliwa, kanisa zima likageuza shingo kutazama kama atatoka. Akabaki. Mchungaji Sylus alishuka mwenyewe akamletea kikombe. Mama akanywa, halafu akakaa na divai mdomoni. Mashavu yamejaa, macho yamefumba. Mchungaji anangoja, sisi tunangoja, na mimi nikajua anachowaza, nikaogopa atainamisha kichwa atase pale pale kwenye viatu vya Mchungaji. Ikapita kama dakika nzima. Akameza. Tukiwa njiani kurudi akaniambia kwamba hicho ndicho cha kumeza na kinyongo ndicho cha kutema, yeye utotoni alikuwa amebadilisha tu.

Sasa, kaka, nimefika kwenye lile jambo.

Mchana huo Mama aliniambia nimkatie muwa mmoja pale chini kwenye kijito, niuponde, nimletee maji yake kikombeni. Nilidhani anataka kutasa ile hasira aliyoibakiza tangu utoto. Akanyoosha kikombe, akanipa mimi. Akaniuliza, na wewe, huyo kaka yako utammeza mpaka lini?

Nilitaka kukataa. Nikashindwa. Thadeus, Baba alipokufa ulituma neno kwamba barabara imefungwa na mvua, huwezi kuja kumzika. Niliwaambia watu hivyo hivyo. Kisha wiki mbili baadaye nikaona kwenye simu ya mtu picha yako, umevaa suti, uko kwenye harusi ya tajiri wako, yule mwenye malori unayoendesha, tarehe ile ile tuliyomshusha Baba kaburini. Sikukuambia. Sikumwambia mtu, hata Mama, kumbe yeye alinisoma usoni. Niliikalia. Nikawa nikikupigia nakuita kaka mpendwa, na moyoni nasema, siku moja atasikia uchungu kama nilivyosikia mimi. Na mwaka uliofuata lori lako likapinduka, mguu ukavunjika mara mbili, na mtu wa kwanza niliyemshuku duniani si dereva mwingine wala utelezi. Nilijishuku mimi. Mimi, ninayefundisha wamama kwamba huo ni ushirikina! Ndiyo sababu sikuja kukuona hospitalini. Nilisema ni kazi ya shamba. Haikuwa shamba. Niliogopa kukutazama huo mguu.

Na kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mama alijizuia kikombe maisha yake yote kwa hasira ya mtoto wa miaka kumi. Mimi nilikinywa kila mwezi, miaka minne, na wewe nimekumeza.

Basi nilijaza mdomo maji ya miwa nikiwa nimesimama uani, nimeelekea upande wa kwenu, nikayapuliza yote. Nilimwagia kuku wawili. Nikatamka jina lako nikasema sina kinyongo, mguu wako upone, nyumba yako iwe na amani. Mama akaitikia amina kutoka kitini. Nilimweleza Mchungaji Sylus, nikitarajia kukemewa. Alisema yeye haoni kosa katika kutema. Angeona kosa katika kurudia kumeza.

Sikuandikii ujitetee. Labda mvua ilikuwepo kweli, labda haikuwepo, hilo utamweleza Baba pale kaburini, si mimi. Ninachokuomba ni uje Desemba. Na kama wewe una kitu changu mdomoni, maana hata mimi si malaika, njoo nacho. Miwa ipo, imekomaa vizuri kule kijitoni.

Msalimie sana Everlyne na watoto. Mzee Wabwire anakusalimu ingawa hakujui, anasema dereva wa lori ni adui wa reli lakini atakuvumilia. Mama anasema ukija umletee sweta, na uje na huo mguu anataka kuuona. Yeye sasa hivi yuko nje anaota jua. Ndege ya abiria imepita juu sasa hivi ikielekea Mombasa, nimemwona kupitia dirishani ameinua kichwa, akaipungia mkono.

Mimi dada yako akupendaye katika Bwana,

Tryphena Wakesho